Barua ya wazi kwa Bodi ya Hospitali: mgonjwa wa moyo na figo hana mwenyewe

Kwa:
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Mkurugenzi Mtendaji,
Wakuu wa Idara ya Moyo na Idara ya Figo,
Wajumbe wa Jopo la Rufaa.

YAH: WAGONJWA WALIOSHINDWA MOYO NA FIGO KWA PAMOJA KUKOSA WA KUAMUA JUU YAO

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote.

Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeibisha yote. Nilianza kwa idara moja, nikaelekezwa ya pili. Ya pili ikasema haiwezi kujibu kabla ya kupata maoni ya ile ya kwanza. Kitengo cha malalamiko kilinipokea kwa adabu, kikagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, na mhuri huo ndio jibu pekee la maandishi nililo nalo. Sitaji jina la hospitali wala la daktari. Wahusika mnajijua, na sikuja kumvunjia mtu heshima.

Dada yangu mkubwa moyo wake umetanuka na hauna tena nguvu ya kusukuma damu. Figo zake zimefika hatua ya mwisho. Anafanyiwa dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Katika faili lake kuna karatasi ya kliniki ya moyo inayosema hawezi kufikiriwa kupandikizwa moyo kwa sababu figo hazifanyi kazi. Kurasa chache mbele iko karatasi ya kliniki ya figo: hawezi kupandikizwa figo, ingawa sisi ndugu tumejitolea kupimwa, kwa sababu moyo hautahimili. Kila karatasi ukiisoma peke yake inaeleweka. Ukizisoma pamoja unaona kwamba kila idara imemkabidhi kwa mwenzake, na hakuna iliyompokea.

Angekataliwa kwa sababu zilizopimwa, tungeumia lakini tungekubali. Mpaka leo hakuna walioketi pamoja wakaamua juu yake, iwe kumkubali au kumkataa. Hilo ndilo lalamiko langu, na hoja zifuatazo zote zinatoka humo.

1. Njia ziko tatu, na hakuna idara inayoweza kuchagua peke yake.

Nimelazimika kusoma mambo ambayo sikuwahi kudhani yatanihusu, na nawaandikia nilichoelewa ili mnirekebishe pale nilipokosea. Moyo dhaifu hauzifikishii figo damu ya kutosha. Wakati huohuo damu inayorudi moyoni hurundikana kwenye mishipa na kuzibana figo kwa upande wa pili. Figo zilizolala kwa sababu hiyo zinaweza kuamka moyo ukipata nguvu, na mgonjwa wa aina hiyo anahitaji moyo peke yake. Kumpa na figo ni kuipoteza.

Wapo ambao mambo yamekwenda kinyume. Figo zilitangulia kufa, kisha sumu zilizobaki mwilini, maji yaliyozidi na presha ya miaka mingi vikaudhoofisha moyo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wa wagonjwa 103 wa dialisisi waliokuwa na moyo dhaifu na wakapandikizwa figo tu. Kabla ya upasuaji moyo ulikuwa ukisukuma, kwa wastani, kama asilimia 32 ya damu iliyomo kila unapopiga. Mwaka mmoja baadaye ulifika asilimia 52. Asilimia 52 ni karibu na moyo wa kawaida. Yaani kwa baadhi ya watu ambao kliniki ya figo inawaambia "moyo wako hautahimili figo", figo ndiyo ingekuwa dawa ya moyo.

Kundi la tatu ni la wale ambao viungo vyote viwili vimekwisha kabisa. Hao ndio wanaohitaji moyo na figo kwa pamoja.

Dada yumo kundi lipi? Sijui, na siandiki nikidai kwamba lazima apewe viungo viwili. Ninachojua ni kwamba jibu linapatikana kwa kuweka vipimo vya pande zote mbili kwenye meza moja: ultrasaundi inayoonyesha kama figo zimesinyaa, protini kwenye mkojo, rekodi ya miaka ya nyuma ya kreatinini (uchafu wa damu ambao figo huuchuja), pengine na kinyama kidogo cha figo cha kupimwa, halafu eko, yaani ultrasaundi ya moyo, pamoja na shinikizo linalopimwa kwa mrija unaoingizwa upande wa kulia wa moyo. Karibu vyote hivi mnavyo. Vingine vimeshafanyika, majibu yako ndani ya faili, kila idara ikisoma yake.

2. Amri zinazopingana.

Hili ndilo linalotutesa kila wiki, na nisingependa lipite kama jambo dogo.

Kliniki ya moyo ikiona miguu imevimba na pumzi ni fupi, inaongeza dawa ya kukojoza maji. Enzi zile figo bado zinafanya kazi kiasi, kliniki ya figo ilikuwa ikiona kreatinini imepanda baada ya dawa hiyo, inaipunguza. Maji yanarudi. Kliniki ya moyo inaongeza tena. Dawa nyingine, ya kulinda moyo, inapandisha potasiamu, chumvi ya damu ambayo ikizidi ni hatari. Upande mmoja unaiandika, upande mwingine unaikata kwa kalamu nyekundu bila kumwambia aliyeiandika. Sisi nyumbani tunabaki na mifuko miwili ya dawa na maelezo mawili, na mgonjwa anatuuliza tumfuate nani. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Huku manahodha ni wawili tu, ila hawajawahi kuonana.

Sasa yuko kwenye dialisisi na mvutano umehamia huko. Mashine ikianza kuvuta maji, presha inashuka kwa sababu moyo hauna akiba. Wauguzi wanasimamisha kabla ya muda. Wana haki, wangefanya nini? Maji yaliyopaswa kutoka yanabaki, yanaulemea moyo uleule uliosababisha presha kushuka, na safari inayofuata anakuja amevimba zaidi. Pia ametengenezewa fistula mkononi, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa ili mashine ipate pa kuchukulia damu. Nimesoma kwamba fistula inayopitisha damu nyingi inaongeza mzigo kwa moyo unaoshindwa. Huenda kwake haina madhara hayo. Lakini nilipouliza kama daktari wa moyo aliambiwa kabla haijatengenezwa, nilijibiwa kwamba fistula ni suala la figo.

3. Kusubiri kunamwondolea sifa alizo nazo leo.

Ningeweza kuvumilia taratibu za ofisi kama ugonjwa nao ungesubiri. Hausubiri. Upande wa kushoto wa moyo ukishindwa kwa muda mrefu, shinikizo kwenye mishipa ya mapafu hupanda. Mwanzoni hushuka kwa dawa, baadaye hugoma. Likishagoma, moyo mpya wa mtu mwingine, usiozoea shinikizo hilo, unaweza kushindwa palepale mezani, na vituo vingi humkataa mgonjwa kwa sababu hiyo. Ule utafiti wa 2005 nao ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokaa kwenye dialisisi muda mrefu kabla ya kupata figo, ndivyo uwezekano wa moyo wake kurudi katika hali ya kawaida ulivyopungua.

Lipo pia suala la damu. Dada ameongezewa damu, na kila chupa inaweza kuuamsha mwili utengeneze kingamwili dhidi ya tishu za watu wengine, jambo linalofanya kumpatia kiungo kinacholingana kuwa kugumu zaidi. Pengine damu hiyo ilikuwa lazima. Lakini aliyeagiza hakujua kama mgonjwa huyu ni wa kupandikizwa au siye, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa.

Siku moja jopo likikaa likasema "amechelewa", ningependa liandike pia alicheleweshwa na nani.

4. Kipimo chenyewe hakielezwi.

Kabla ya dialisisi tuliambiwa mara kwa mara kwamba uchujaji wa figo, ile namba mnayoiita GFR, bado uko juu. Namba hiyo haipimwi moja kwa moja. Inakadiriwa kwa fomula kutokana na kreatinini. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na mgonjwa wa moyo aliyekonda huwa na kreatinini ndogo hata figo zikiwa taabani. Zaidi ya hapo, fomula iliyotumika miaka mingi ilikuwa inaongeza matokeo kwa takriban asilimia 16 mgonjwa akiwa mweusi, hivyo figo zake zikaonekana nzima kuliko zilivyo. Fomula mpya isiyo na nyongeza hiyo ilitolewa mwaka 2021, na mwaka 2022 mfumo wa upandikizaji wa Marekani ulipiga marufuku ile ya zamani. Naomba maabara yenu iandike kwenye karatasi ya majibu inatumia ipi. Ni mstari mmoja tu.

5. Hatukuwahi kuambiwa kwamba upasuaji huu upo.

Nilipouliza kwa mara ya kwanza kama mtu anaweza kupewa moyo na figo kwa pamoja, daktari mmoja kijana alicheka. Hakucheka kwa dharau, nadhani alishangaa tu. Waheshimiwa, jambo hili si la juzi. Lilifanyika Houston, Marekani, mwaka 1978. Mgonjwa yule hakuishi. Maambukizi yalimmaliza ndani ya wiki chache. Leo nchi hiyo peke yake inafanya zaidi ya 300 kwa mwaka.

Na namna linavyofanyika inaeleweka hata kwa sisi tusio madaktari. Viungo vyote viwili hutoka kwa mchangiaji mmoja aliyefariki. Moyo hutangulia, maana ukishatolewa hauvumilii kukaa kwenye ubaridi zaidi ya saa nne hivi. Figo ni mvumilivu, inaweza kukaa siku nzima, hasa ikiwa kwenye mashine inayopitisha kimiminika baridi ndani yake. Kwa hiyo moyo unawekwa, timu inatazama presha itulie na dawa za kuinyanyua zipungue, ndipo figo inafuata, papo hapo au saa kadhaa baadaye. Inawekwa chini ya tumbo, upande wa nyonga. Figo za zamani kwa kawaida huachwa palepale zilipo. Wataalamu wameona pia kwamba moyo uliokuja na figo ya mchangiaji yuleyule hushambuliwa na kinga ya mwili mara chache kuliko moyo uliokuja peke yake.

Hayo yote mgonjwa ana haki ya kuyajua, hata kama mwisho wake ni kuambiwa kwamba yeye hafai.

Sasa niyaseme mnayoweza kunijibu, kwa kuwa mengi nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema hapa hampandikizi moyo. Ni kweli, na siwaombi mpandikize. Naomba mkamilishe faili na kulipeleka kwa wanaopandikiza, ili kama ni kumkataa wamkatae wao, kwa maandishi. Kituo hakiwezi kumpima mgonjwa ambaye hakijaletewa.

Mtasema viungo ni vichache, na kumpa mtu mmoja viwili ni kumnyima mwingine. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu ni ya kweli. Yupo mtu anayesubiri figo tu, pengine kwa miaka, na figo nzuri inampita kwa sababu imefuatana na moyo kwenda kwa mtu mwingine. Ndiyo maana wenzetu wameweka mipaka. Tangu Juni 2023 nchini Marekani mgonjwa wa moyo hapewi figo pamoja na moyo kwa hisia za daktari. Kwa ugonjwa sugu wa figo, uchujaji uwe umekuwa chini kwa zaidi ya siku 90, na awe yuko kwenye dialisisi au GFR yake haizidi 30. Figo zikiwa zimeshindwa ghafla, hali hiyo iwe imeendelea kwa wiki sita mfululizo, akiwa kwenye dialisisi au GFR isiyozidi 25. Asiyefikia vigezo hivyo anapewa moyo peke yake, lakini hatupwi: kati ya siku ya 60 na ya 365 baada ya upasuaji, figo zikikataa kuamka, akawa kwenye dialisisi au GFR haizidi 20, anapewa kipaumbele kwenye orodha ya figo. Mimi naona huo ni uungwana kwa pande zote mbili. Uhaba wa viungo unadai vigezo. Kutoamua si kigezo, na hakuna mgonjwa mwingine aliyeokolewa kwa dada yangu kuachwa katikati.

Mtasema ni upasuaji wa hatari. Ni wa hatari. Hata hivyo takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wanaopewa moyo na figo wako hai mwaka mmoja baadaye, na kumbukumbu za huko zinaonyesha kuwa waliokuwa kwenye dialisisi wakapewa moyo peke yake huishi muda mfupi kuliko waliopewa vyote viwili. Sababu moja haihitaji ubingwa kuiona: dawa kama takrolimasi na saiklosporini, zinazozuia mwili usikatae moyo mpya, zenyewe huumiza figo. Kwa wale ambao figo zao zimechoka kiasi tu, faida ya kuongeza figo haijawa wazi hivyo, nami sitaki kujifanya iko wazi. Ipimeni hatari yake, kisha mlinganishe na hatari ya kubaki alivyo. Hiyo ya pili sijaona popote imeandikwa.

Mtasema gharama. Hilo ni zungumzo la familia, bima na ustawi wa jamii, na tuko tayari kukaa. Ila linakuja baada ya jibu la kitabibu. Tumeshatajiwa bei ya kitu ambacho hakuna aliyetuambia kama kinatufaa.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Jopo moja kwa wagonjwa wote wenye moyo na figo zilizoshindwa, si kwa dada yangu tu. Wakae daktari bingwa wa moyo, wa figo, mpasuaji, mtu wa maabara ya kulinganisha tishu, muuguzi mratibu na afisa ustawi wa jamii, kwa tarehe inayojulikana. Kliniki zenu zina wagonjwa wengine wa namna hii. Nimekaa nao kwenye benchi.

(b) Uamuzi uandikwe. Useme mgonjwa yuko njia ipi kati ya tatu nilizotaja, kwa vipimo gani, na nini kikibadilika uamuzi utaangaliwa upya. Nakala apewe mgonjwa mwenyewe.

(c) Faili la dada likamilishwe na lipelekwe kwenye kituo chenye uzoefu wa kupandikiza viungo viwili. Kama jopo likiona njia yake ni figo peke yake, sisi ndugu zake tupimwe mara moja.

(d) Kabla ya hayo yote, hata kesho: atajwe daktari mmoja mwenye kauli ya mwisho juu ya dawa zake, maji anayokunywa na uzito anaopaswa kufikia baada ya dialisisi. Na kwenye jalada la faili iandikwe kwa herufi kubwa kwamba hakuna kuongezewa damu, isipokuwa kwa dharura, bila kumuuliza daktari huyo.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Likikosekana, nitapeleka barua hii pamoja na barua zangu mbili za awali kwa baraza linalosimamia madaktari na kwa wizara. Sipendi kufika huko. Wauguzi wa kitengo cha dialisisi wamemshika dada kama ndugu yao, na nisingependa wao ndio wahojiwe kwa jambo lisilo la ngazi yao. Jambo hili ni lenu, ninyi mnaoitisha vikao.

Nitahudhuria kikao chochote mtakachoniita. Dada pia amesema atakuja, ila kisipangwe siku ya dialisisi. Namba yangu ya simu iko ukurasa wa kwanza wa faili lake, kwenye nafasi ya ndugu wa karibu.

Wenu kwa heshima,

Mdogo wa mgonjwa

Nakala:
Muuguzi Mkuu
Kitengo cha Malalamiko
Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Hospitali